Nyumba za Yule Marehemu Mashuhuri

Mdogo wangu wa kiume ana malori yanayokwenda Juba, na mtu mwenye malori huamini kwamba kila kitu kinaweza kuhamishwa. Kwa hiyo sikushangaa aliponiambia anataka kumhamisha Mama kutoka Kisugu. Kilichonishangaza ni kipeperushi alichonipa. Kilikuwa cha karatasi nzito inayong'aa, na picha ya nyumba nyeupe yenye paa bapa, na chini ya picha maneno kwamba makazi haya ya kisasa yameongozwa na fikra za msanifu majengo mashuhuri duniani. Jina lake liliandikwa kwa herufi nyembamba za rangi ya dhahabu. Nikamwuliza mdogo wangu huyo bwana yuko wapi. Akasema alikwisha kufa zamani, tena huko Marekani. Nikamwuliza, kama amekufa, hawa wa Kampala amewaongozaje. Akanitazama vile ninavyotazamwa siku zote nikiuliza maswali, akasema twende tu tukaone.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nimefundisha sekondari tangu ujana hadi nikastaafu, na mwalimu aliyesahihisha insha kwa miaka yote hiyo huijua upesi ile ambayo mtoto ameandikiwa na kaka yake. Mtoto huyo ukimbana hasemi kwamba amenakili. Atakwambia alisoma mahali, likamwingia. Nilipoliona lile neno "yameongozwa" nilikumbuka nyuso nyingi sana.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Mama alikuwa ameanguka. Nyumba yetu ya Kisugu iko kwenye mteremko, choo kiko nje, na njia ya kwenda huko ni udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Alianguka asubuhi moja baada ya mvua, akakaa pale chini na birika lake mkononi mpaka jirani aliyekuwa akianika nguo akamwona. Hakuvunjika, lakini goti lilivimba na halikurudi kuwa lile la zamani. Mdogo wangu aliapa kwamba Mama hatapitisha msimu mwingine wa mvua pale. Mimi nilitaka tujenge choo ndani. Yeye alisema nyumba imechoka, ukigusa ukuta mmoja utaamsha zote. Tukabishana mpaka Mama akatukatiza. Alisema atahama, lakini kwa sharti moja: mimi niende nikaione hiyo nyumba, nikirudi niseme kama ni nyumba. Nikisema siyo, yeye habanduki Kisugu.

Alinichagua mimi kwa sababu nazijua nyumba za watu kwa njia ambayo wengine hawazijui. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa na serikali ya kikoloni wakiwa askari kutoka Sudani, baba yetu akawa polisi, na sisi tukazaliwa kambini ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, ya michezo na ya kugombania bomba la maji. Mwanamke wa Kiislamu akifariki upande wetu wa mji, huitwa wanawake wa kumwosha, na Mama alikuwa mmoja wao mpaka magoti yalipomkatalia. Kazi hiyo alinifundisha mimi. Tangu hapo nimeingia nyumba nyingi za Kampala, za wakubwa na za wadogo, na hakuna aliyepata nafasi ya kunipangia sebule kwanza. Najua bafu lipi maji yake yanarudi. Najua nani ana vigae vizuri mbele ya wageni na saruji tupu chumbani kwake.

Kazi hiyo imenipa ugonjwa mmoja. Nikikaribishwa mahali, kabla sijaketi, macho yangu yamekwisha kwenda mlangoni. Najiuliza kama jeneza litapita. Nasema lile la msikitini, la chuma, lenye mikono mbele na nyuma, ambalo wanaume hulibeba mabegani. Wakati mmoja nilimwosha mama mmoja katika fleti ya ghorofa ya juu, na jeneza likashindwa kukata kona ya ngazi. Wanaume walijaribu hivi, wakajaribu vile, mwishowe wakamshusha mwenyewe ndani ya sanda yake, amesimamishwa wima kama kabati. Binti yake alikuwa nyuma yao ngazini, anaona yote. Siku ile niliamua kwamba nyumba isiyoweza kumtoa mtu wake kwa heshima siyo nyumba, hata ingeongozwa na nani. Mlango wa Kisugu baba aliukata mpana, wa mbao mbili, na yeye mwenyewe alitoka hapo amelala vizuri. Baadaye dada yetu mkubwa naye akatolewa hapo hapo.

Basi tukaanza kuzunguka. Nilichogundua ni kwamba yule marehemu, kwa mtu ambaye sidhani aliwahi kukanyaga Uganda, alikuwa na shughuli nyingi sana Kampala. Karibu kila aliyekuwa anauza nyumba mpya alikuwa naye. Upande wa Lubaga tulionyeshwa moja ambayo ngazi zake zilitoka ukutani bila kushikiliwa na kitu upande wa pili, wala pa kushika mkono hapakuwapo. Kijana wa mauzo alisema bwana yule alipenda vitu vinavyoelea. Nikamwambia mama yangu haelei. Nyingine ilikuwa na kibwawa cha maji katikati ya sebule, kwa ajili ya utulivu, na mbu walikuwa wamekwisha kuugundua utulivu huo kabla yetu. Ya tatu ukuta wake wa mbele ulikuwa wa mawe mazuri ya kijivu. Niliugonga kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, na ukalia mtupu. Mawe yalikuwa ngozi tu iliyobandikwa juu ya plasta.

Niliporudi kwangu siku hiyo nilimtafuta marehemu mwenyewe kwenye simu. Sikutegemea kumpenda. Lakini picha za nyumba zake ziliniweka kitako hata ushungi sijavua. Mapaa yake yalikuwa yametoka nje, mbali na kuta, yana upenu mpana unaokupa hamu ya kusimama chini yake mvua ikinyesha. Mawe yake yalikuwa mawe ya kweli, na nilivyoelewa mimi, alitaka nyumba ifanane na mahali ilipo. Sasa mtu wa namna hiyo angekuja Kampala, mji ambao mvua yake hupiga na ubavuni, kitu cha kwanza ambacho angechora ni upenu. Hawa waliomwandika kwa dhahabu walikuwa wameukata upenu wote ili nyumba ionekane ya kisasa. Nilisoma pia, sitaki kuficha, kwamba baadhi ya nyumba zake zilivuja na wenyewe wakalalamika. Nikasema hapo sawa, hapo huenda wamemfuata kweli.

Nikaanza kumwonea huruma. Maiti hana mdomo. Nimewashughulikia wengi na hilo nalijua vizuri: waliobaki humwekea maneno wanayoyataka wao, na yeye amelala tu. Nimesikia marehemu wakisingiziwa upole ambao hawakuwa nao hata siku moja. Huyu alikuwa anasingiziwa ngazi na mbu.

Nyumba ambayo mdogo wangu aliipenda ilikuwa Bugolobi. Kipeperushi kilisema Bugolobi, na ni kweli, ila ni Bugolobi ya kushuka, ukishapita zile fleti na kuendelea bondeni mpaka unaanza kusikia viwanda. Zilikuwa nyumba kadhaa zinazofanana, nyeupe, ndani ya ukuta mmoja wenye lango moja. Juu ya paa la ile ya kona alikuwa amesimama kaloli, mmoja wa yale mandege makubwa yenye vipara, anatazama bonde. Ndege huyo hufuata takataka au maji yaliyotuama, na mimi nikajiuliza juu ya lile paa bapa kuna kipi kati ya hivyo viwili. Msichana wa mauzo, aliyevaa suti na raba nyeupe, alisema ndege ni dalili kwamba mazingira yametunzwa.

Nilimwuliza mambo. Madirisha yale marefu, yanayoanzia sakafuni, yalitazama magharibi, basi jua la alasiri litakwenda wapi. Alisema mwanga ndio ulikuwa falsafa ya msanifu. Ile boriti nene inayokatisha sebule inabeba nini. Alisema inaunganisha nafasi. Nikachukua ufagio uliokuwa pembeni nikaigonga kwa mpini, na kumbe ilikuwa jipsamu, haibebi hata uzito wake yenyewe. Harufu ya rangi mbichi ilikuwa kali kwenye kona moja tu ya dari, na mtu hapaki rangi kona moja bila sababu. Nilipoitazama kona hiyo kwa muda mrefu, msichana alikumbuka kwamba hatujaona jiko.

Halafu ile meko. Katikati ya sebule, katika mji ambao blanketi moja linakutosha hata mwezi wa saba, walikuwa wamejenga meko ya kuotea moto. Msichana alisema bwana yule aliamini kwamba meko ndiyo moyo wa nyumba. Niliinama nikaingiza kichwa kutazama moshi utatokea wapi. Hapakuwa na tundu. Bomba la moshi lilipanda hadi darini likaishia hapo, limezibwa kwa plasta nzuri iliyopakwa rangi. Nilitoka na chokaa kwenye ushungi, nikamwuliza kama kuna mtu aliyewahi kuwasha. Alisema ile ni ya kupendezesha. Mdogo wangu akajifanya anapokea simu.

Langoni nilimvuta pembeni askari, Mkongomani wa makamo mwenye koti kubwa, nikamwuliza kama nyumba hizi zinavuja. Alitazama kwanza upande wa ofisi, kisha akatazama viatu vyake.

"Mama, miye nalindaka tu mulango," alisema. "Mambo ya ndani, Mungu njo anajua."

Nilimshukuru. Nyumba isiyovuja, mtu husema haivuji.

Nilimwambia Mama yote, na sikupunguza kitu. Nilimweleza mawe ya uongo, boriti ya uongo, moyo wa nyumba usio na pumzi. Alisikiliza huku anachambua mchele, na nilipofika kwenye meko alicheka mpaka akafuta macho. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kulisema, na mdogo wangu akalisema badala yangu. Chini kulikuwa na chumba kizuri, na choo chake mle mle ndani, na kutoka kitandani hadi chooni hapakuwa na hata kizingiti. Mama aliacha kuchambua. Akauliza kama ni choo cha kukaa. Mdogo wangu akasema ni cha kukaa, na kuna chuma ukutani cha kushikilia. Ndipo Mama akasema anataka kwenda kuona mwenyewe.

Nilikasirika, nasema kweli. Kazi ya kuhukumu nilipewa mimi, na nilikuwa nimekwisha hukumu. Zaidi ya hapo nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Kutoka kile chumba cha chini hadi mlango wa mbele kulikuwa na korido nyembamba, na korido hiyo ilivunja kona kali kabla ya kufika sebuleni. Siku ya kwanza niliipita mara moja tu. Nilimwona yule binti wa kwenye fleti, amesimama ngazini, na uso aliokuwa nao ulikuwa wangu.

Tulimpeleka siku ya Jumapili, mchana. Mama alivaa gurbaba yake nzuri, lile vazi letu la vitambaa viwili linalovaliwa kwenye sherehe, utadhani anakwenda kuposa. Alizunguka na mkongojo wake polepole, akagusa bomba, akavuta maji chooni, akakaa juu ya kile choo na nguo zake zote, akainuka mwenyewe kwa kushika kile chuma. Akarudia tena. Kisha akaketi kwenye kiti cha plastiki walichomletea karibu na dirisha refu la sebuleni, akanyoosha mguu wenye goti bovu, akatulia.

Mimi niliona nafasi yangu. Nilifungua leso niliyojifunga kiunoni nikaenda kwenye korido. Jeneza letu tunalijua kwa leso, hivyo ndivyo wanawake wa kazi yetu walivyopima tangu zamani, kwa sababu leso huwa unayo siku zote na fundi wa kuja na kipimo humwoni. Kwa upana ni leso iliyokunjwa katikati. Kwa urefu, ukichanganya na mikono ya kubebea, ni leso nzima na nusu yake. Nilifunga ncha kwenye kitasa cha mlango wa chumba, nikaivuta hadi kwenye kona, nikaweka kidole, nikaongeza nusu. Kona ilikataa. Nikajaribu kwa kupinda upande wa pili, ikakataa tena. Sitasahau furaha niliyoipata pale. Nilikuwa nimeishika nyumba ile mahali ambapo hakuna plasta ya kupaka.

Msichana wa mauzo alikuja kutazama. Alisema wateja wengi huuliza juu ya makochi, nisiwe na wasiwasi, makochi yanapita. Nikamwambia changu ni kirefu kuliko kochi.

Ndipo nilipomsikia Mama akiniita kutoka sebuleni. Alikuwa ameigeuza shingo yake, ananiona kwa uwazi wa korido, mimi na leso yangu iliyotandazwa hewani.

"Wewe," alisema. "Unapima mimi?"

Nikasema napima mlango.

"Hapana. Leso mimi nilifundisha wewe. Unapima mimi, na mimi niko hapa nakaa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliikunja leso bila kujua naikunja vipi. Mdogo wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine, hajui kimetokea nini, kwa kuwa wanaume hawajui hesabu ya leso, na yeye ni mtu ambaye neno kifo likitajwa hutoka nje kuangalia gari lake. Alitoka. Mama akanipungia mkono niende karibu, nikachuchumaa kando ya kile kiti.

Alisema kwa sauti ndogo, hana hasira. "Ile nyumba ya Kisugu mimi naipenda. Lakini watu yote nimetoa kwa ile mlango. Baba yenu. Dada yako. Kila siku nakaa barazani, ile mlango inaniangalia tu, inasema bado wewe. Hapa hakuna mtu amekufa. Hapa hakuna mtu amelia. Mimi nataka kukaa hapa."

Miaka yote hiyo niliketi naye kwenye ile baraza, nikiusifu mlango wa baba kwa wageni, upana wake, mbao zake, na sikuwahi kuona kwamba kiti chake Mama kilikuwa kimegeuzwa kuutazama ukuta. Nililia kidogo. Yeye akanigonga begani kwa mkongojo, kama alivyozoea tulipokuwa wadogo.

Kisha alinyoosha ule mkongojo akalisukuma dirisha. Lile dirisha refu, ambalo nilikuwa nimelihukumu kwa jua, kwa mvua na kwa wezi, lilifunguka pande zote mbili, kutoka sakafuni hadi juu, moja kwa moja hadi kwenye majani ya uani.

"Na siku yangu ikifika," alisema, "mwoshe mimi hapa sebuleni, mpitishe mimi kwa hii dirisha. Si ndiyo sababu walifanya kubwa?"

Msichana wa mauzo alikuwa amefika nyuma yetu na kusikia nusu ya maneno. Alifurahi sana. Alisema hasa, hasa, kuunganisha ndani na nje ndilo jambo ambalo msanifu alilipenda kuliko yote. Mama alimwitikia kwa heshima, akamwambia huyo mzee wao alikuwa na akili.

Tulimhamisha Mama kabla ya mvua. Sitasema nyumba ilinigeuza mawazo, kwa sababu kila nilichokishuku kilitokea. Mvua kubwa ya kwanza ilileta maji kwenye ile kona ya dari iliyopakwa rangi mbichi, na tangu hapo beseni la bluu lina makao yake pale chini. Jua la alasiri linaingia mpaka unaweza kuanika nguo sebuleni, tumetundika pazia zito ambalo msichana wa mauzo akiliona atalia. Boriti ya jipsamu ilifanya ufa. Ofisi ya mauzo ilihamia mahali pengine, na ukipiga simu unasikia muziki. Nilikuwa sahihi katika kila kitu, na hakuna aliyeniuliza.

Mama ameijaza ile meko tabaga zake, zile sinia za kusuka za rangi nyingi tunazofunikia chakula. Zinatoshea vizuri kabisa. Huketi karibu na dirisha lake tangu asubuhi, analifungua mwenyewe, anasalimiana na kila anayepita uani, na yule askari Mkongomani humletea habari za lango kana kwamba yeye ndiye mwenye mji. Hajaanguka tena. Mimi bado kila nikifika huanza kwa kunusa kuta. Mama husema mimi ndiye kaloli wa nyumba ile.

Halafu wezi wakaingia kwa majirani. Waliingia kwa dirisha lile lile la falsafa, wakaondoka na televisheni, na kesho yake mdogo wangu akampigia simu fundi wa kuchomelea vyuma aje afunge nondo kila dirisha. Alisema hayo mbele ya Mama, kwa upendo kabisa, akieleza jinsi nondo zitakavyokuwa nene. Mama alinitazama mimi.

Ningeweza kumwambia mdogo wangu ukweli, naye angetoka kwenda kuangalia gari. Badala yake nilimwambia kwamba lile kubwa lazima liwe na nondo zinazofunguka, zenye bawaba na kufuli, kwa ajili ya moto ukitokea. Akauliza moto gani, wakati hata meko yenyewe haiwaki. Nikasema moto hauombi ruhusa. Alinishuku, nilimwona, tumezaliwa tumbo moja. Lakini alikuwa na lori lililokwama mpakani, akasema fanyeni mnavyotaka, akaenda.

Fundi alikuja na pikipiki iliyobeba nondo, Mganda mmoja mnene mwenye miwani ya kuchomelea kichwani. Alipima madirisha yote haraka haraka, mpaka akafika kwenye lile kubwa.

"Hajati," aliniambia, "hii ya kufungua kwa dilisha, upana gani? Mtu mmoja apite?"

Nikasema ndiyo, mtu mmoja. Akaonyesha kwa mabega yake mwenyewe, akaniambia basi hapa panatosha. Nikasema hapana, apanue. Akauliza apanue mpaka wapi. Nikafungua leso kiunoni, nikaikunja katikati, nikaweka ncha moja kwenye fremu. Mkono wa pili haukufika bila leso kulegea.

Nyuma yangu nilisikia kiti kikisogea. Mama aliinuka, bila kuitwa, akaja na mkongojo wake. Aliishika ile ncha nyingine, akaivuta mpaka leso ikanyooka, akaitazama kwa lile jicho alilokuwa nalo zamani, wakati bado ananifundisha kazi.

"Ongeza shibiri moja," alisema. "Wanaume wa siku hizi wanabeba na haraka."

Akatandaza vidole kwenye fremu kupita ncha ya leso, na fundi akaweka alama ya chaki pale kidole chake kidogo kilipoishia.